Dakika Nne za Ustadhi Latif

Siku mliyoniaga nilipostaafu, mmoja wenu aliniuliza kwa nini katika kabati la pili la chumba cha kanda kuna kasha lenye lebo iliyoandikwa kwa mkono wangu, na ndani yake hamna kitu. Aliuliza kwa adabu, lakini macho yake yalisema kwamba mtu aliyewakemea wengine maisha yake yote kwa makasha yaliyowekwa ovyo hana budi kujieleza. Ana haki. Nilimjibu kwamba ni habari ndefu, kisha nikaendelea kukata keki. Leo sina keki wala kisingizio, na asubuhi zangu zimekuwa pana mno, basi nitajieleza.

Habari za vyeo sitaandika. Vilinijia kwa mwendo wa mtu mwenye viatu vipya, na vingine havikufika. Nitaanza na pamba.

Niliingia chumba kile cha kurekodi na kuhifadhi muziki mwanzoni mwa mwaka 1990, kijana wa Nyamirambo, hapa Kigali, mtoto wa fundi viatu kutoka Ujiji na mama wa Nyanza. Mapadri walikuwa wamenifundisha Kilatini kwa miaka sita, nami nilidhani kwamba mtu awezaye kunyambulisha vitenzi vya wafu hatashindwa na mashine. Bwana Ferdinandi, mkuu wa chumba, alinivua dhana hiyo kabla ya saa nne asubuhi. Alinipa kijiti chenye pamba na chupa ya spiriti, akaniagiza nisafishe kichwa cha mashine ya kurekodi, yaani kile kijichuma kinachogusana na kanda na kuisoma. Nilisafisha. Aliitazama pamba, akanirudishia. Nilisafisha mara saba. Mara ya saba aliinusa, akasema kwamba kwa mtu aliyesoma Kilatini si haba.

Alikuwa mtu mwembamba wa suti ya kahawia, mpole, asiyepandisha sauti kwa sababu, alivyosema, sauti ni mali ya serikali. Alikuwa na mkasi wa shaba nyeupe ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, kwa kuwa mkasi wa chuma huweza kushika usumaku na kuacha mlio mdogo mahali ulipokata. Alinifundisha kuunganisha kanda kwa wembe na utepe wa gundi, kwa mshazari, ili sikio lisione mshono. Zaidi ya yote alinifundisha tangazo. Kila kanda ilipaswa kuanza kwa sauti ya mtumishi akisoma fomu ya njano, vipengele kumi na vinne, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili: jina la mpigaji, jina la kipande, mtunzi, mahali, muda, na mengineyo. Karatasi hupotea, alisema, na makasha hubadilishana vifuniko. Lakini maneno yaliyo ndani ya kanda hayapotei mpaka kanda yenyewe ipotee. Niliipokea sheria hiyo kama muumini mpya, yaani kupita kiasi.

Kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa kuwaorodhesha wanamuziki wa mjini. Niliwaandika wapiga inanga, kile kinubi cha ubao, na wapiga iningiri, lile zeze la uzi mmoja, kwaya za parokia na bendi za baa. Nilipofika mtaa wa Biryogo niliambiwa kwamba nyuma ya duka la Mama Saada, fundi cherehani, anakaa Mhindi mwenye fidla yenye nyuzi nyingi kuliko nywele zake.

Ndivyo nilivyomkuta Ustadhi Latif. Alizaliwa kaskazini mwa India katika ukoo wa wapigaji wa sarangi. Alifika Kampala akimsindikiza mwimbaji aliyealikwa kwenye arusi ya mfanyabiashara. Mwimbaji akarudi, yeye akabaki, kwa sababu ambayo kila mara aliisimulia kwa namna nyingine. Wahindi walipofukuzwa Uganda, alivuka mpaka na sarangi yake ikiwa imeviringishwa ndani ya shali, akaishia Kigali. Hapa aliishi kwa kutengeneza cherehani. Vidole vilivyozoea kutafuta nusu ya nusu ya sauti havikupata shida na sindano iliyopinda, na mafundi wote wa Biryogo walimtumia yeye. Majirani wachache walijua kwamba yeye mwenyewe aliiona kazi hiyo kama mapumziko.

Sarangi, kwa wasioijua, ni gogo lililochongwa na kufunikwa ngozi, nayo hupigwa kwa upinde. Nyuzi tatu hupigwa. Nyingine zaidi ya thelathini hukaa chini yake bila kuguswa, zikingoja kuitikia. Mpigaji habonyezi kwa ncha ya kidole bali kwa shina la ukucha, na Ustadhi alikuwa na sugu juu ya kila ukucha wa mkono wa kushoto.

Nilitoa fomu ya njano, nikaomba kipande chake kikubwa kuliko vyote. Alifikiri kidogo, akasema anacho kimoja, cha alfajiri.

“Jina lake?” nilimuuliza.

“Haina jina. Iko na saa.”

“Mtunzi?”

“Mwalimu ya mwalimu yangu. Lakini yeye pia nasema alisikia kwa mtu.”

“Na muda wake?”

“Mpaka iishe.”

Mama Saada, aliyekuwa akipinda suruali mlangoni, hakuinua kichwa. “Andika tu, sha,” aliniambia. “Huyu mzee hata dawa ya kikohozi anakunywa mpaka iishe.”

Niliandika dakika thelathini. Sikuwa na ushahidi wowote, ila kanda zetu zilikuwa za dakika thelathini na kipengele kilitaka tarakimu. Nawaomba mkumbuke jambo hilo, maana mimi nililisahau.

Nilipomwomba apige pale pale, saa nane mchana, alinitazama kama mtu aliyeombwa avue kanzu sokoni. Raga, alinieleza kwa subira, si wimbo. Ni njia yenye sheria: sauti zipi uzikanyage ukipanda, zipi ukishuka, ipi uikaribie kwa heshima kama mkwe. Na kila raga ina saa yake. Kupiga ya alfajiri mchana ni kama kumwuliza mtu ameamkaje ilhali anafunga duka. Isitoshe, mwishoni mwa hii kulikuwa na utunzi mfupi wa mwalimu wake. Raga yote ilikuwa barabara, na utunzi ule ndio nyumba. Hakuwa na mtoto wala mwanafunzi. Ndugu zake walioujua walikuwa wamekufa. Mpwa wake wa Dar es Salaam, ndugu pekee aliyebaki Afrika, aliuza mapangaboi, na kwa maoni ya Ustadhi alikuwa na masikio ya mtu auzaye mapangaboi. Utunzi ule ukiachwa upotee, basi umepotea.

Hapo nilielewa kilichokuwa mikononi mwangu. Kwa bahati mbaya, sheria pia ilikuwa mikononi mwangu. Mashine ilitolewa ofisini kuanzia saa mbili asubuhi na kurudishwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na alfajiri haimo baina ya saa hizo. Niliandika barua ya kuomba ruhusa. Nilijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Oktoba ya mwaka ule vita vilianza kaskazini, vizuizi vikawekwa barabarani, na mtu aliyebeba sanduku zito lenye nyaya kabla jua halijachomoza alipaswa kuwa na maelezo mazuri. “Naenda kurekodi fidla” hayakuwa miongoni mwake. Katika miaka mitatu niliandika barua saba, kila moja ikiwa na ufasaha kuliko iliyotangulia, na majibu yakabaki yale yale.

Katikati ya hayo Ustadhi alikubali kuja studio kupiga raga ya alasiri, ambayo saa yake ilipatana na ya ofisi. Alianza kulinganisha nyuzi saa nane na nusu. Saa tisa na robo alikuwa bado anavisonga vigingi vyake, kimoja baada ya kingine, huku ameinamisha sikio. Kwenye benchi alikaa mpiga iningiri kutoka Nyamirambo akingoja zamu yake. Hatimaye uvumilivu ulimwishia.

“Mzee,” alisema, “mimi niko na uzi moja, niliupata zamani. Wewe bado unatafuta?”

Ustadhi hakukasirika. Alimwambia kwamba mwenye uzi mmoja ana jirani mmoja tu, ndiyo maana hagombani na mtu. Wote wawili walicheka, na Bwana Ferdinandi, mara ya pekee nijuavyo mimi, alisahau kutazama saa.

Kuhusu ile ya alfajiri aliniwekea sharti. Atakayeirekodi, alisema, lazima kwanza aweze kuisikia, na mtu husikia kile tu anachoweza kuimba. Basi kila Jumamosi asubuhi niliketi juu ya mkeka kati ya majora ya vitambaa, nikiimba sa, re, ga, ma, majina ya sauti kwao, katika duka ambalo wateja waliingia na kutoka. Sauti yangu, nakiri, inafaa kusoma fomu. Mama Saada alitoa hukumu yake mwezi wa kwanza na hakuibadilisha.

“Cherehani yangu iko inaimba vizuri kuliko wewe,” alisema. “Na inashona.”

Ustadhi alinitetea, kwa njia yake. Alisema cherehani imeanza zamani, mimi nimechelewa. Wakati ule alikwisha kunibatiza Bwana Fomu, na mtaa mzima ukalichukua jina hilo. Mpaka leo wapo wazee wa Biryogo wasiojua jingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 mpwa wa Dar es Salaam aliandika. Habari za Kigali zilimtia hofu, naye alitaka mjomba wake aondoke kabla ya mwezi kwisha. Nilikwenda kwa Bwana Ferdinandi, safari hii bila barua, nikamweleza kwamba mzee akiondoka, utunzi nao unaondoka. Alifungua kitabu cha vifaa, akasaini mashine itoke jioni kwa dhamana yake mwenyewe, kosa ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi, akanipa kanda moja tupu. Zilikuwa adimu. Alisema mashine irudi saa mbili kamili, na kwamba hatafanya kosa hilo mara mbili.

Nililala kwa ndugu wa baba yangu, milango miwili kutoka kwa Mama Saada. Baada ya sala ya alfajiri nilimkuta Ustadhi ameketi tayari, nyuzi zote zimelinganishwa. Sikuambiwa ameamka saa ngapi. Nje, kwenye kichochoro, Mama Saada alisimama na ufagio ambao hakuutumia, akiwaambia wapitao, kwa sauti ya chini: “Pita polepole. Mzee iko anaaga.”

Niliwasha mashine. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimefunzwa vizuri, nilisoma tangazo. Nilisoma vipengele vyote kumi na vinne kwa Kifaransa, nikavisoma vyote kwa Kiswahili, kwa utulivu, nikitua penye nukta. Ustadhi alingoja, upinde hewani.

“Hutuba imekwisha?” aliniuliza. Swali hilo nalo limo katika kanda. Au niseme, lilikuwamo.

Kisha alipiga. Sitajaribu kuieleza, mapadri hawakunipa maneno yake katika lugha yoyote. Nitasema tu kwamba kwa muda mrefu alizunguka sauti moja bila kuigusa, na alipoigusa, zile nyuzi thelathini na kitu za chini ziliitikia zote pamoja, nami nikaelewa kwa nini alizihangaikia. Mwanga uliingia kwa chini ya mlango. Alianza kuongeza mwendo. Aliukaribia utunzi wa mwalimu wake, akasimama kidogo kizingitini kama mtu anayevua viatu, akaingia.

Kanda ikaisha.

Mkia wake uliachia gurudumu la kwanza, ukawa unapiga ubavu wa mashine, chap, chap, chap. Nilizima. Ustadhi hakusimama, aliendelea hadi mwisho, macho yamefumbwa, kwa dakika nne hivi. Nilizihesabu kwa saa ya mkononi kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Hapo nikatambua hesabu yenyewe. Dakika nne zilizokosekana mwishoni ndizo dakika nne nilizozitumia mwanzoni kusoma fomu.

Alifumbua macho, akatazama mashine, akanitazama mimi na mkia wa kanda niliokuwa nimeushika. Alicheka mpaka akakohoa.

“Bwana Fomu,” alisema, “leo umerekodi nani? Umejirekodi mwenyewe.”

Saa mbili kamili niliirudisha mashine. Bwana Ferdinandi alivaa visikilizio vyake, akaisikiliza kanda yote, dakika thelathini, pamoja na tangazo, pamoja na hutuba. Alipovivua alikuwa na macho mekundu.

“Tangazo limesomwa vizuri sana,” alisema. Sijawahi kuadhibiwa vikali zaidi ya hapo. Kisha akaongeza: “Zifuate hizo dakika nne. Mashine sikupi. Nenda na masikio.”

Zilikuwa zimebaki asubuhi tisa. Kila siku, kabla ya kwenda kazini, niliketi juu ya mkeka. Ustadhi aliimba kipande, mimi nikarudia, alikosoa, nikarudia. Nilipotaka kuandika, alininyang'anya kalamu. Asubuhi ya kwanza ya zile tisa aliomba uzi mweusi kwa Mama Saada, akanifunga kwenye kifundo cha mkono, kama afanyavyo mwalimu kwao anapomkubali mwanafunzi. Nilimweleza kwamba mtumishi wa umma haruhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa mtu aliye katika orodha yake. Alikaza fundo. Mama Saada alisema uzi ni wake yeye, naye hayumo katika orodha yoyote.

Asubuhi ya tisa niliimba utunzi wote bila kusahihishwa. Ustadhi alisema si mzuri, lakini ndio wenyewe. Kesho yake alipanda gari la kuelekea mpaka wa Rusumo, sarangi mapajani ndani ya shali yake, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa onyo kwamba nisithubutu kuuimba mchana.

Aprili yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Bwana Ferdinandi na mkewe waliuawa nyumbani kwao. Mama Saada alificha watu nyuma ya majora yake ya vitambaa, na mpaka leo hapendi kulizungumzia. Mimi nilipona katika nyumba ya mtu mwingine, na hiyo si habari ya kazini.

Niliporudi ofisini mwezi wa saba, makabati yalikuwa wazi. Kanda zilitapakaa uani, zimeviringana kama nywele zilizonyolewa. Nyingine nilizikuta zimetumika kufungia miti ya maharage katika bustani ya jirani, na zilikuwa zimefunga imara. Mkasi wa shaba sikuuona tena. Kasha la Ustadhi nililipata chini ya dirisha, lebo nzima, ndani tupu. Kanda ilikuwa imepotea, na tangazo langu pamoja nayo, kama Bwana Ferdinandi alivyokuwa amenionya. Kilichobaki duniani, kwa kadiri ya ujuzi wangu, kilikuwa kile tu ambacho kanda haikukinasa.

Ustadhi alifariki Dar es Salaam miaka michache baadaye. Mpwa wake aliniandikia: katika siku za mwisho mjomba hakuwa na nguvu ya kushika upinde, na alipoulizwa kuhusu ile ya alfajiri alisema iko Kigali, kwa Bwana Fomu. Binti wa muuza mapangaboi, kumbe, alikuwa ameanza kuipenda sarangi. Binti huyo aliomba kanda. Nilimjibu ukweli wote. Akaandika tena, kwa sentensi moja, kwamba basi nimtumie hizo dakika nne.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na ndiyo sababu ya kasha. Sikumtumia. Kila mwaka nilitoa fomu mpya, nikafika kipengele cha mpigaji, nikaona kwamba haiwezekani kuandika hapo jina la mtu mwenye sauti ya kusomea fomu. Nilingoja nipate sauti. Mama Saada, aliyejua jambo hili, aliniuliza kila Idi kama imeshafika.

Jumanne iliyopita, baada ya keki yenu, nilikuja ofisini saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuomba nifunguliwe chumba cha kanda. Mlinzi alinionyesha kwa heshima sheria iliyobandikwa mlangoni: hakuna kuingia kabla ya saa mbili. Niliisoma hadi chini. Imeandikwa kwa ufasaha, na sahihi ni yangu.

Basi nilikwenda Biryogo kwa miguu. Mama Saada haoni vizuri siku hizi, lakini alikuwa ameamka. Niliweka kinasa sauti kidogo juu ya cherehani yake, nikaketi mahali pangu pa zamani, nikaimba mpaka mwisho.

“Sasa,” alisema Mama Saada, “umefikia cherehani.”

Nakala nimemtumia yule binti, ambaye sasa ana wanafunzi wake. Nyingine iko ndani ya bahasha hii. Nawaomba muiweke katika lile kasha, lebo isibadilishwe. Haina tangazo: inaanza palepale inapoanza, na mwishoni mtasikia mtu akisogeza kiti. Fomu ya njano nimeijaza. Mpigaji: Ustadhi Latif, kwa kinywa cha mwanafunzi wake. Muda: mpaka iishe.

Na msiisikilize mchana. Najua ofisi hufunguliwa saa mbili. Andikeni barua ya kuomba ruhusa. Mkinyimwa, tafadhali msifikishe barua saba.